Mwinjilisti Aliyetuambia Tusikimbie

Mtu huyu simpendi. Ninaanza na hilo ili atakayesoma asije akasema nilimficha. Jina lake ninalijua, na la mke wake pia, lakini hapa Pinga hakuna anayemwita kwa jina. Wanamwita Mwinjilisti, na wakilitamka neno hilo wanatabasamu, kwa sababu ndiye mtu pekee wa soko hili anayesema waziwazi kwamba Mungu hayuko. Wanamwalika kwenye harusi, kwenye sherehe za wanafunzi waliopata diploma, na huko machimboni Omate siku ambayo wachimbaji wanapumzika. Kazi yake ni kuchekesha watu. Anaiweza. Hata mimi nasema anaiweza.

Ni mrefu, na mabega yameanguka kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili za maji akasahau kuzitua. Ana koti la kijivu ambalo halivui hata jua likiwaka. Mbele ya watu anasimama na uso wa mfiwa, anatazama chini, anakohoa kidogo, anangoja. Watu wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Yeye mwenyewe hacheki.

Kipande chake wanachokipenda zaidi nilikisikia kwenye harusi ya jirani, nikiwa nimekaa na sahani ya sombe, majani ya muhogo, magotini.

"Komanda wa mulima ile amepiga magoti," alisema. "Baba, nipe ushindi. Komanda wa mulima hii naye amepiga magoti. Baba, nipe ushindi. Katikati kuko mama moja na maharagi yake. Baba, miye unipe tu mvua. Munazani Mungu alijibu nani?"

Akanyamaza. Watu wakanyamaza.

"Alijibu mama. Akaleta mvua. Ya masasi."

Waliicheka mvua hiyo ya risasi mpaka wengine wakashika mbavu. Bibi harusi alicheka, mashemeji walicheka, shemasi mmoja alicheka akaziba mdomo kwa kitambaa. Mimi niliweka sahani chini. Mama huyo mwenye maharagwe ninamjua. Ni mimi.

Kabla ya Pinga tuliishi Nyabiondo, kwenye milima ya Masisi, na huko alikuwa mwinjilisti kweli. Kanisa letu lilikuwa dogo, la mbao na mabati, juu kidogo ya shamba letu. Mchungaji alifika kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, mvua ikimruhusu. Siku zote zilizobaki kanisa lilikuwa la Mwinjilisti. Aliomba akiwa amepiga magoti nje kwenye changarawe, hakutaka mkeka, na ngozi ya magoti yake ilikuwa ngumu kama ya kisigino. Ijumaa hakula. Tukisema tumechoka alituuliza, "Mungu hachoke, na wewe unachoka juu ya nini?"

Na hata wakati huo alichekesha. Siku aliyohubiri habari za Yona alipita katikati ya mabenchi kama mtu aliyetapikwa na samaki, akijipangusa mikono, akijinusa kwapa, akiuliza njia ya Ninawi kwa kila mzee. Wazee walicheka mpaka machozi, kisha akawageuzia uso akasema, "Na wewe, Mungu alikutuma wapi ukakimbia?" Wazee wakatazama miguu yao. Alikuwa hodari hivyo. Mimi nilikuwa katika kwaya, sauti ya kwanza, na nilimwamini kuliko nilivyomwamini mtu yeyote aliye hai. Chuki yangu haikutoka mbali.

Sasa niseme kilichotokea.

Juma lile habari zilikuja kwa miguu, kama kawaida yake: watu wa kilima cha pili wamehama, watu wa mtoni wamehama. Kwetu pia watu walianza kufunga vitu, magodoro, sufuria, kuku kwenye vikapu. Mume wangu alikuwa amekwisha kufunga mzigo wetu kwa kamba. Jumatano asubuhi tuliitwa kanisani. Mwinjilisti alisimama mbele.

"Mungu amesema na miye asubui hii," akasema. "Amesema: Mubaki. Musikimbie. Hakuna sasi itafika ku nyumba ya mutu mwenye atabaki."

Wengi walitoka pale wakaenda zao bila kumsikiliza zaidi. Familia saba zilibaki, na yetu ilikuwa moja, kwa sababu yangu. Mume wangu alinivuta pembeni.

"Mama Neema, twende. Mungu iko ata mu njia."

Nikamjibu, "Unataka tukatae neno ya Mungu mbele ya batu bote?"

Akanitazama, halafu akainama akaanza kufungua kamba ya mzigo. Vidole vyake vikifungua fundo lile ninavikumbuka vizuri kuliko ninavyoukumbuka uso wake.

Kesho yake, jua likiwa utosini, vita vilitufikia. Mume wangu alikuwa uani anageuza maharagwe tuliyoanika. Katika zile familia saba walikufa watu wanne, na yeye alikuwa wa kwanza. Hatukupata nafasi ya kumzika. Tulimfunika kwa turubai ya maharagwe, tukakimbia.

Kuna jambo jingine la safari ile ambalo siwezi kuliacha, ingawa lingenifaa nikiliacha. Mama yangu hakuweza tena kutembea. Mwinjilisti alimweka mgongoni, akamfunga kwa kitenge kama mtoto, akambeba siku mbili kwenye msitu wa kwenda Pinga. Mke wake mwenyewe alikuwa mjamzito, miezi imetimia, na alimfuata nyuma akijikokota na fimbo. Siku ya pili akajifungulia njiani, wanawake tukishika vitenge kumzunguka, na mtoto akawa msichana. Mama yangu aliishi mwaka mzima baada ya hapo, akafa kitandani, na kabla ya kufa alimwita Mwinjilisti akambariki. Mimi sijamshukuru. Watu wamenikumbusha mara nyingi, na sijamshukuru.

Wenyeji wa Pinga, wakulima na wawindaji wa msituni, walitupokea, na kanisa lao likatupokea. Mwinjilisti alikaa benchi la nyuma. Kwanza aliacha kufumba macho wakati wa maombi. Niliona kwa kuwa mimi pia sikufumba. Nilikuwa namtazama, nangoja aseme neno moja kuhusu ile Jumatano. Hakusema. Kisha akaacha kuitikia amina. Jumapili moja ya ushuhuda mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni.

"Nashukuru Mungu," alisema. "Tulipita njia ya juu. Bale ba njia ya chini, masasi ilibamaliza bote. Siye Mungu alituchunga."

Watu wakapiga makofi. Mwinjilisti akasimama kule nyuma.

"Mama, bale ba njia ya chini, Mungu hakuwa anabajua?"

Makofi yakakatika. Mchungaji akasema kwa upole, "Papa Mwinjilisti, ukae."

"Nitakaa, Mchungaji. Lakini mutu moja anijibu kwanza."

Mchungaji akaanzisha wimbo. Akachukua kofia yake akatoka. Biblia aliiacha kwenye benchi, mke wake akaiokota. Tangu siku hiyo hakuingia tena. Baada ya miezi kadhaa alianza kusema mambo yake sokoni, kwenye meza za wauza unga, na watu wakaona anasema vizuri, wakaanza kumwalika.

Mke wake hakuacha kanisa hata Jumapili moja. Anamwombea mumewe kwa sauti, kwa jina lake lote, kila mtu anasikia. Na mumewe huyo huyo anamsindikiza mpaka mlangoni, amembebea kiti, halafu anasimama nje chini ya mabati hadi ibada iishe, mvua inyeshe isinyeshe. Nimewahi kumsikia kule nje akiimba sauti ya nne, taratibu, wimbo ambao kwaya ilikuwa inaukosea.

Ndivyo alivyo, hashikiki. Siku moja kijana mhubiri alisimama sokoni na kipaza sauti, akataja andiko. Mwinjilisti, akiwa amepiga magoti akimsaidia muuza unga kupima muhogo, akapaza sauti, "Iko mu Wagalatia, si Waefeso!" Kijana akafungua kitabu, akatafuta, akaona haya. Pombe Mwinjilisti hanywi. Anachekesha watu kwa wachungaji, kwa manabii, kwa mafuta ya upako, ila mzee mmoja mwindaji wa hapa, anayeweka jani kwenye jiwe na kusema na babu zake kabla hajaingia msituni, huyo hajamfanyia mzaha hata siku moja. Akimkuta anaongea na jiwe lake, anavua kofia na kusubiri. Mtu alimuuliza kwa nini.

"Huyu hajaniambia nifanye kitu," alijibu. "Anaongea na babu yake."

Ana msemo ambao watoto wa Pinga wameushika: "Ukiomba, omba unatembea." Wanausema wakichelewa shule, wanausema mvua ikiwakuta. Kila nikiusikia natamani kumshika mtoto wa watu nimnyamazishe. Mume wangu alisema jambo lilelile, kwa maneno yake, siku moja kabla ya kufa, na mtu aliyemzuia sasa analiuza kama mzaha.

Msidhani ni mimi peke yangu ninayemchukia. Wapo akina mama wanaovuka barabara wakimwona. Wapo waliomrushia matope akitoka kwenye harusi aliyochekesha, watu wale wale waliocheka. Mchungaji alitangaza kwamba nyumba itakayomwalika isimtarajie yeye kuja kuibariki, na nyumba nyingi zilichagua kicheko. Mimi nimetema mate njiani alipopita, mchana, watu wakiona. Alinisalimu, "Mama Neema, habari," akaenda zake.

Omate ndiko walikompiga. Alikuwa amekwenda kuchekesha, akakuta shimo limeporomoka, watu wawili wamebaki chini. Wachimbaji walimzunguka. Walijua alikuwa mwinjilisti, na mchungaji alikuwa mbali.

"Papa, omba," walimwambia. "Omba basi, kisha tuchimbe."

"Siwezi kuongea na mutu mwenye hayuko," alisema. "Munipe mpauro."

Mpauro ni koleo la kuchotea udongo. Hawakumpa. Walimpiga nao, kwa mpini, mpaka mkono ukavunjika na meno mawili ya mbele yakatoka. Wengine wanasema baadaye alichimba pamoja nao kwa mkono mmoja mpaka maiti zikatolewa. Mimi sikuwepo. Najua tu kwamba alirudishwa Pinga kwa pikipiki, amefungwa kwenye mgongo wa dereva asianguke. Habari iliponifikia nilikuwa nachambua mchele. Nilifurahi. Naiandika furaha hiyo kama ilivyokuwa, sitaipaka rangi.

Yote haya yangeendelea hivyo hadi mmoja wetu afe, kama binti yangu Neema asingepata mchumba. Wakwe walitaka Mwinjilisti aje kwenye harusi. Neema mwenyewe alitaka. "Mama, batu bote banamwita," alisema. "Wewe kila siku huzuni." Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwake kumkataza kwa mdomo wangu.

Nilimkuta uani, peke yake, anachonga mpini wa jembe kwa panga. Mkono uliovunjika ulikuwa umepinda, akiutumia kukandamiza tu.

"Karibu, Mama Neema. Ikala," alisema akinisogezea kigoda.

"Sitaikala. Nimekuja kukuambia, ku ndoa ya Neema usikuje."

"Sawa, Mama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Kwa kuwa hakubisha, neno nililokuwa nimelifungia miaka yote likatoka lenyewe.

"Na ile siku ya Nyabiondo? Ile sauti. Mungu alikuambia namna gani?"

Aliweka panga chini, kati yangu na yeye.

"Hakuna kitu nilisikia."

"Unasema vile juu sasa haumuamini tena."

"Hapana, Mama. Siku ile niliamini kukupita wewe. Na hakuna kitu nilisikia. Muke yangu alikuwa karibu kuzaa, miguu ilivimba, hakuweza kupanda mulima. Nikaona mutaenda bote, tubaki siye babili mu ile kijiji. Niliogopa. Ndo nikasema Mungu amesema."

Yeye aliendelea, bila ile sauti yake ya kuchekesha, akitazama chini.

"Nilidanganya mu jina yake, mbele ya mazabahu. Nilijua ataniua. Nikangojea. Mu pori nilingojea. Muke yangu akazaa, nikasema, sasa atakamata mutoto. Mutoto akalia, akanyonya. Bwana yako alikufa, mwenye hakukosa. Miye niliishi. Nikasema, kama Mungu angekuwa, hangekosea mutu namna hii."

Watu wa hapa wanadhani Mwinjilisti aliacha kuamini kwa sababu ya maiti alizoziona. Hata mimi nilidhani hivyo, na nilimdharau kwa hilo, kwani sote tuliziona. Kumbe alikuwa amekaa miaka anangoja adhabu kama mtu anayengoja pikipiki njiani, haikuja, akahitimisha kwamba hakuna anayeiendesha.

Panga lilikuwa karibu na mguu wangu kuliko wake. Nililitazama. Aliniona nikilitazama, na hakusogea.

"Utasema haya mu kanisa," nilimwambia. "Mbele ya zile familia."

"Habatanisadiki, Mama."

"Utasema."

Jumapili aliingia. Kanisa zima liligeuka. Mke wake aliyekuwa ameinama kuomba aliinua uso, akakiacha kiti, akakaa tena. Binti yao, yule aliyezaliwa njiani, alikuwa mbele na watoto wa kwaya, blauzi nyeupe, amekwisha kuwa msichana wa shule. Mchungaji alidhani mwana mpotevu amerudi, akampa nafasi kwa furaha. Mtu akapiga kelele, "Aleluya!"

Mwinjilisti akasimama mbele. Akatazama chini. Akakohoa.

Kicheko kidogo kikaanza upande wa vijana.

"Ile siku mu Nyabiondo," akasema, "nilisema Mungu ameongea na miye. Ilikuwa bongo, nilidanganya."

Kicheko kikakua.

"Niliogopa kubaki peke yangu na muke yangu mwenye mimba. Juu ya ile, batu ine balikufa."

Walicheka. Uso ule wa mfiwa, mapengo yale, kunyamaza kule kati ya sentensi, vyote walivijua, na walikuwa wanangoja mahali pa kuangua. Akainua mkono uliopinda. "Musicheke, nabaomba," akasema, na hapo ndipo walipoangua kabisa, wengine wakapiga mabenchi. Hata Mchungaji aliuma mdomo. Katika watu wa zile familia saba niliona wawili wanacheka. Jasho lilimtoka Mwinjilisti usoni. Sijawahi kumwona mtu amenaswa namna ile, na nakiri kwamba kwa muda nilikaa nikamtazama, nikaona inamstahili.

Kisha nikasimama.

"Musicheke," nikasema. "Anasema kweli. Niko najua. Na miye ndo nilikatalia bwana yangu kukimbia, juu ya ile neno yake. Alitaka twende. Nilimukataza."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama mmoja mzee, aliyempoteza kijana wake siku ile ile, alivuta kitenge akajifunika kichwa. Neema aligeuka kunitazama, hakuwa amejua. Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo, akapekua, akakifunga. Tulitoka bila wimbo.

Nje Mwinjilisti alisimama karibu na ua wa miti, kofia mkononi. Wale wa familia saba walipita mbele yake mmoja mmoja. Ilionekana anangoja mmoja wao aanze kumpiga. Hakuna aliyeanza. Yule mama mzee alisimama mbele yake kitambo, akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akaendelea na fimbo yake. Binti wa Mwinjilisti alitoka na blauzi yake nyeupe, akaja kusimama karibu na baba, bila kumgusa. Alikuwa amesikia yote, na bila shaka alikuwa amekwisha kufahamu kwamba mtoto aliyekuwa tumboni siku ile ni yeye.

Nilipofika kwao Mwinjilisti alisema, "Mama Neema. Na sasa?"

"Sasa hakuna kitu. Ku ndoa usikuje."

"Ndiyo, Mama."

Mtoto alikuwa ananitazama, midomo imekauka. Yeye hajanikosea. Nilimpa mkono, akaupokea kwa mikono miwili, akainama kidogo kama alivyofundishwa. Nilimuuliza yuko darasa la ngapi, akaniambia. Baba yake naye akanyoosha mkono wake, ule mzima. Niliuacha pale pale hewani, nikashuka njia ya sokoni.